Mvumo wa Ampli Ndani ya Sanduku la Chuma

Mjukuu wangu Riziki,

Barua yako imenikuta muzima hapa Kalemie. Mama yako Aziza amepona mafua, anakusalimu. Unauliza kwa nini redio yako inavuma tangu uihamishie kwenye sanduku la chuma.

Wakati wa Zaire nilitoa ampli yangu, chombo cha kukuza sauti ya muziki, katika kasha la mbao, nikaifunga ndani ya chuma ili iwe salama. Ikaanza kuvuma. Nikamwambia bibi yako, "Umeiangusha ukifagia."

"Sikuigusa," alijibu.

Sikumwamini. Siku tatu hatukuongea.

Siku ya nne nililegeza transfo, ile transfoma ya kubadili nguvu ya umeme, nikaiinua kwa kipande cha mbao na kuigeuza ubavu. Mvumo ukakatika. Nikairudisha, ukarudi. Nilishtuka. Nguvu ya sumaku ya transfo ilikuwa inapita katika kile chuma nilichofunga mwenyewe, ikaingia kwenye nyaya za sauti.

Nikamwita bibi yako, nikamwomba msamaha. Akanitazama sana. "Siku tatu, Papa Aziza. Na hukuniuliza mara ya pili."

Hata leo, nikiyaandika maneno hayo, nashtuka upya. Wewe zima umeme kwanza, kisha uigeuze transfo yako.

Babu yako anayekupenda