Treni ya Saa Nne Kupitia Puani

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na mgongo wako umeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na majirani kama kawaida yake, kwa hiyo afya anayo.

Najua umepiga simu mara sita na sikupokea hata moja. Usinune. Daktari amenikataza kusema kwa wiki mbili, hata kunong'ona, ndiyo maana nakuandikia. Nakwambia mapema ili usome ukiwa umetulia: si ugonjwa uliomchukua Baba.

Sauti yangu ilianza kukwaruza tangu kipaza sauti cha stesheni kilipokufa. Miezi mitatu nimetangaza treni kwa koo tupu, nimesimama juu ya kiti mlangoni mwa ofisi. Ilipofika hata "haloo" inatoka kwa taabu, nikamkumbuka Baba, naye alianza hivyo hivyo, nikaogopa kupimwa. Na wewe ulichangia. Ile hadithi yako ya kumezeshwa mpira wa kamera, umelazwa ubavu, kidude cha plastiki kimekutanua meno, ilinikaa kichwani. Nikamwambia Mama koo litapona lenyewe.

Mama hakubishana. Alivaa viatu, akakaa mlangoni na mkoba wake mpaka nikaona aibu.

Kumbe kuna njia ya pili. Daktari wa koo, mama mmoja mfupi asiye na haraka, alinieleza kwamba wewe ulipitishiwa mdomoni kwa sababu walikuwa wanakwenda mpaka tumboni, na mpira ule ni mnene, ndiyo maana ulishindishwa njaa na kuchomwa sindano ya usingizi. Mimi shida yangu ilikuwa kooni tu, na alitaka kuona nyuzi za sauti zikifanya kazi. Mtu aliyezibwa mdomo atasema nini? Kwa hiyo tukapita puani.

Alinipulizia dawa ya ganzi, chungu, ikateremka mpaka kooni. Mpira wenyewe mwembamba kama kamba ya kiatu. Sikudanganyi kwamba ni raha, machozi yalinitoka na chafya ikanijia ikakataa kutoka. Lakini nilikaa kitini na akili zangu zote, na nilirudi nyumbani kwa miguu.

Katikati ya kazi akasema, "Hebu sema kitu unachokisema kila siku." Kaka, nikatangaza. Mpira puani, nikawaambia abiria wa treni ya saa nne wasogee jukwaa la pili. Muuguzi alicheka mpaka akageukia ukutani. "Kumbe ni wewe," akasema. "Juzi ulinikimbiza bure jukwaani."

Daktari hakucheka, alikuwa anatazama kioo cha kamera yake. Kisha akasema, "Vinundu viwili vidogo, vya kupiga kelele. Kitu kibaya sioni. Nyamaza upone, halafu urudi nikutazame." Nililia bila sauti, maana nilikwisha kukatazwa.

Nilipotoka, Mama alikuwa amesimama. Nikatoa daftari nimwandikie jibu, na uso ukambadilika. Unakumbuka Baba alivyozungumza nasi miezi yake ya mwisho, kwa kuandika tu. Ikabidi daktari aje amwambie kwa mdomo wake, na Mama akamfanya arudie mara tatu.

Tangu hapo daftari hataki kuliona. Nikitaka chumvi naonyesha kwa kidole. Barua hii tu ndiyo kaniruhusu, tena ameketi hapa pembeni, anangoja nimalize alifungie daftari kabatini.

Nisalimie wifi na mapacha, na Shangazi ukimwona. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake. Simu yangu ya kwanza itakuwa kwako. Ukisikia treni inatangazwa, usikimbie.

Mdogo wako anayekupenda, uliyempa jina mwenyewe,
Honi