Ng'ombe wa Beverlyne

Jumamosi, 7 Juni 2025

Simu ilinikuta kanisani, Sabato haijaisha. Ni Gibson, anayekaa na binti yangu kule Marani. Anasema Beverlyne wangu ameanguka bafuni, amekufa. Hivyo tu! Juzi alitoka hapa Ekerenyo amebeba ndizi, anacheka. Bafu gani hilo la kuua mtu?

Naandika Kiswahili. Ekegusii kinaniliza.

Jumapili, 8 Juni

Tumetoka mochari, Kisii. Ana alama za vidole shingoni. Nimeziona. Makori, mume wangu, ameziona pia, akatoka nje kushika ukuta. Polisi wanasema tungoje daktari ampasue Alhamisi, ndipo wajue la kuandika. Alhamisi! Gibson alikuwepo, na miwani nyeusi. Akanisalimia, eti mama.

Jumatatu, 9 Juni

Ongeri, kaka mkubwa wa Makori, amekuja na maneno. Kina Gibson wanataka kuleta ng'ombe wa mahari. Leo ndiyo wanakumbuka! Gibson alikaa naye njoo-tukae, bila ndoa, miaka yote hiyo, hata mbuzi hatukuona. Sasa amekufa ndiyo anaposwa?

Ongeri anasema ng'ombe wakishaingia boma, Bevu ni mke wa watu, atazikwa kwa mumewe kwa heshima. Tukiwakataa tutamzika hapa, mpakani kwenye ua, kama msichana asiye na mwenyewe. Makori aliangalia viatu vyake tu. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumanne, 10 Juni

Esnah, jirani wa Bevu kule Marani, amepiga simu. Kaburi limeshachimbwa kwa kina Gibson! Wanazika kesho.

Kumbe! Ng'ombe wakiingia leo au kesho, Gibson ni mume. Atamtoa mochari kama mke wake, wazee watawaambia polisi tumesikizana, na Alhamisi daktari hatakuwa na mtu wa kupasua. Udongo utafunika zile alama.

Nikamwambia Makori tuwakatae. Akaniuliza, "Mpakani, Mama Bevu? Mtoto wetu tumweke mpakani?" Nilitaka kumpiga. Nikalia badala yake.

Asiyekuwepo na lake halipo. Haya, mimi nipo. Nimetia geti kufuli.

Jumatano, 11 Juni

Wamefika! Asubuhi hii, umande bado kwenye majani chai. Ongeri ndiye amewaongoza, na wazee wa kwao. Gibson amebaki kwa gari.

Nimekaa chini, mgongo kwenye geti. Naandika ili nisiinuke. Ng'ombe ananipumulia shingoni kupitia vyuma. Maskini, yeye hana kosa.

Ongeri anapiga kelele, "Makori! Toka ufungulie wageni, mke wako anatuaibisha!"

Mlango wa nyumba umefunguka. Makori anakuja, na fimbo yake ya ng'ombe. Haniangalii. Ee Mungu, ufunguo mwingine anao yeye, mfukoni.

Amefika. Ameangalia kufuli.

Ameketi. Hapa chini kando yangu, kwenye matope, na suruali yake ya kanisa. Fimbo ameilaza magotini.

Wanasukuma geti.