Jiko la Halima

Modogashe

Mama mpenzi,

Salaam aleikum, na pole kwa kukuweka roho juu wiki nzima. Ardhi yetu ipo. Kaa unywe chai.

Jana walikuja, afisa wa ardhi na bwana wa ule mradi wa umeme wa jua unaoitaka ardhi yetu. Siku yenyewe mbaya: mvua imenyesha upande wa Hadado, watu wote, hata jirani yetu Halima, wamefuata malisho na ngamia wao. Tumebaki mimi na shangazi Kadija na goti lake. Yule bwana akazungusha mkono. "Afisa, unaona mwenyewe, hapa hapana mtu." Kisha jua likamzidi, akajikalia kwenye jiwe.

Shangazi akamnyooshea bakora. "Wewe, inuka! Umekalia jiko ya Halima!"

Aliruka kama aliyeungua. Ndipo afisa akatazama chini, akaona mafiga matatu, meusi kwa masizi. Shangazi akamtembeza akichechemea, jiko hadi jiko: hapa kwa Abdi, kule mbali kwa mama mkwe wa Abdi, maana hawaelewani. Afisa akawa anaandika majina mpaka wino ukamwishia, nikampa kalamu yangu. Mwishowe akasema ardhi hii ina wenyewe, na hakipigwi kigingi hata kimoja mpaka warudi waseme wanachotaka.

Jina lako pia limeandikwa, Mama. Tangu uhamie Mombasa, shangazi hajamruhusu mtu kugusa mafiga yako. Mungu akupe afya, uje uyawashie moto.

Mwanao,
Sahra