Mtaalamu wa Theluji

Jumapili, 20 Septemba 1998

Na suruali bado haijakauka.

Kosa ni langu. Wakongo wa saluni ninaponyolewa hapa Durban wanaamini kila Mtanzania amekulia Kilimanjaro, nami tangu mwaka jana sijawasahihisha. Mimi wa Mtwara. Theluji niliyoijua ni ile ya ndani ya friji ya mjomba.

Leo tulipanda nao milima ya Drakensberg kuona maziwa madogo ya kule juu. Kandokando theluji ilikuwa bado imelala. Wote wakasimama, wakanitazama mimi.

"Kaka Salumu, tunaweza pita hapa?" akauliza Mama Aline, mwenye saluni, aliyejifunzia kazi yake Paris.

Nikaigonga kwa kisigino kama fundi. "Hii ngumu. Nifuateni."

Hatua ya tatu nikazama hadi kiunoni. Kumbe chini yake ni ziwa.

Walinivuta kwa mwavuli. Nimeshuka mlima mzima nimejifunga kitenge cha Mama Aline, chenye picha za kuku. Wengine walicheka hadi Durban. Yeye alinisogelea tu, akaninong'oneza, "Usijali, kaka. Hata mimi Paris sijafikaga."

Nimefika nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Mwaka mzima ananinyoa yeye. Sasa kichwa changu nakielewa.