Baba Alisubiri King'ora

Kaka,

Hatujambo, ila paa bado linavuja. Mama anakusalimu.

Umeuliza habari za uchaguzi. Unakumbuka wafumaji walivyosubiri king'ora cha kiwanda, wakaenda pamoja kupiga kura wakiwa wamevaa ovaroli zao, baba akiwa mbele? Siku ya kura alivaa yake akasimama langoni pa kiwanda.

"Baba, kiwanda kimefungwa mwaka wa tatu huu."

"Wenzangu watakuja."

Hakuja mtu, na hakupiga kura. Tangu hapo huenda kila asubuhi.

Sijamwambia kwamba mimi nilipiga peke yangu mapema, nikampa kura yuleyule tajiri aliyekifunga kiwanda. Aliniahidi kazi ya ulinzi, nami nimeipata. Naanza Jumatatu, palepale langoni. Nimeagizwa nisiruhusu mtu kusimama.

Usimwandikie baba.

Ni mimi, mdogo wako