Wifi, Majibu Yametoka Safi

Wifi Desi,

Shuleni tulifundishwa barua ianze kwa kuuliza hali ya unayemwandikia. Yako siulizi. Nakupa yangu tu, nawe uvumilie kama ulivyonivumilia siku zote, maana tangu tukuzike sijapata mtu wa kumwambia jambo likafika mwisho. Niko hapa hapa Soweto ya Mbeya, nyumba ile ile, cherehani iko pale pale dirishani. Kesho asubuhi napanda basi kuja kwenu Iringa. Nimeitwa.

Jambo lenyewe ni hili: majibu yangu yametoka safi. Daktari kasema saratani haionekani, si kwenye kovu, si kwapani, si kwenye mapafu. Ungekuwepo ungepiga vigelegele kwenye korido mpaka manesi watutoe nje. Na hayo majibu mazuri, wifi, ndiyo yaliyomwondoa mwanangu Oliva nyumbani.

Ngoja nikusimulie kwa utaratibu, nisije nikaanza kulia kabla sijafika popote.

Unakumbuka ulivyokuja. Nilikuwa nimeshakatwa titi, nimelala chali naangalia dari, kaka yako Gaudensi anashinda gereji kule Iyunga na akirudi hajui hata chumvi inakaa wapi. Ukashuka na ndoo ya vitunguu, ukasimama mlangoni ukaniangalia. "Kumbe Mnyakyusa naye anaumwa? Mimi nilidhani mnajua kujidai tu." Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Mama mkwe alikuwa amekutuma ukae siku chache, wewe ukakaa mpaka dripu ya mwisho. Meza yako ya vitunguu pale sokoni Mlandege ukamwachia jirani, na kila ukimpigia simu anakwambia biashara mbaya, na kila ukikata simu unasema mwizi huyu.

Ile dawa nyekundu ndiyo niliyokuwa naiogopa. Ikining'inizwa tu mdomo unajaa ladha ya msumari hata kabla haijaingia mshipani. Ulikuwa unahamisha kiti unakaa mbele ya chupa makusudi nisiione, unanipa umbea wa jumuiya yenu, nani kagombana na nani kwenye kwaya. Juisi ya rozela, kwa wekundu wake, tuliiacha wote wawili, hatukuweza hata kuitazama. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, ulinikalisha nyuma ya nyumba ukazinyoa zote, ukanipaka mafuta, ukasema kichwa changu kina umbo zuri, ni vile tu nywele zilikuwa zinakificha. Sijawahi kukushukuru vizuri kwa hilo.

Halafu ile siku ya nesi. Alikuwa ananipima presha, akakufunga na wewe mkononi kwa utani tu. Akaacha kucheka. Akakupima mkono wa pili. Akakwambia, mama, presha yako iko juu kuliko ya mgonjwa wako, nenda kaanze dawa leo. Wewe ukamjibu, "Mgonjwa ni huyu, mimi nimekuja kubeba mabeseni." Tulipotoka nje ukanishika mkono. "Wifi, mama asisikie." Nilikusumbua, unajua nilivyokusumbua. Ukasema utaenda ukirudi kwenu. Ukarudi kwenu, ukaingia sokoni.

Ulianguka jikoni, unapepeta mchele. Walituambia mshipa wa kichwani ulipasuka. Muda ule mimi nilikuwa hospitali hapa Mbeya, nimelala kwenye mashine, napigwa picha waone kama ugonjwa umebaki mahali. Siku hiyo hiyo moja. Ningejua ningeshuka kwenye ile mashine nikimbilie stendi.

Msibani nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu na hakuna aliyenisema. Mama mkwe alinishika bega, akaniambia nile, bado sina nguvu. Yote yalianza majibu yalipotoka. Gaudensi alifurahi, nakuapia, siku hiyo alifurahi kwa moyo wake wote. Alinunua soda, akampigia mama yake, akaweka simu kwenye spika. "Mama, Tumpe kapona." Kisha mama akauliza, "Alipimwa lini?" Gaudensi akataja siku. Simu ikakatika, tukadhani ni mtandao.

Kwenu wanaita kubadilishana. Kwetu Tukuyu nako kuna jina lake, sitaki kujifanya ni nyie tu. Mtu ana kifo chake, anamtafuta mwingine akibebe. Wanasema ulinitolea damu dripu ziliponimaliza, ukalala kitanda kimoja na mimi, ukala masalia ya sahani yangu, ukarudi kwenu mtupu. Mimi nikabaki nanawiri. Na kweli nimenawiri, wifi, nifanyeje? Mashavu yamejaa. Nywele zimerudi, laini kama za mtoto mchanga. Nimejishonea sidiria yenye mfuko, nikaweka pamba na mtama kidogo ndani ili iwe na uzito, na wanawake wa kliniki wameanza kuja niwashonee na wao. Tunacheka hapa dirishani kama zamani. Mwanzoni nilikuwa najiangalia kwenye kioo nafurahi. Siku hizi hata kwenda dukani nafunga kilemba.

Kisha nikaharibu zaidi. Baba mkubwa wenu alinipigia, akaongea kwa upole sana, akasema anataka kuelewa tu. Nikadhani ukweli utanisaidia. Nikamwambia habari ya nesi na ile presha, kwamba ulikuwa mgonjwa muda mrefu bila kusema. Akasema, "Kwa hiyo ulijua." Nikasema nilijua kuhusu presha, baba. Akasema, "Ulijua kuwa atakufa, ukanyamaza." Hilo ndilo lililosambaa ukoo mzima.

Oliva alikuwa amekwenda kumliwaza bibi yake likizo. Bibi alimwomba mwenyewe, na mimi mwenyewe nilimfungia nguo, nikamwekea na lile sweta ulilomfumia maana Iringa baridi. Shule zimefunguliwa na hajarudi. Viatu vyake vya shule viko chini ya kitanda. Nikipiga simu naambiwa ametumwa, yuko kanisani, amelala. Kaka yangu anasema nikaripoti. Nikaripoti nini? Kwamba bibi anakaa na mjukuu wake?

Ndipo wito ukaja. Kesho kuna kikao cha ukoo, kumaliza tanga lako. Nitanyolewa mbele ya watu, kisha mtaalamu ataleta dawa ninywe. Mtaalamu, ndivyo wanavyomwita, neno mganga wanaona aibu nalo, padre asije akasikia. Nikikaa salama, sina kosa, nichukue mtoto wangu. Nikitapika au nikianguka, itajulikana mimi ni nani, na mtoto abaki kwao.

Wifi, wewe unaujua mwili huu. Ulishika beseni. Daktari bado anapima maini yangu, kanikataza hata mizizi ya tumbo bila kumwuliza. Nitatapika tu. Huyo mtaalamu mwenyewe akinywa atatapika.

Na kaka yako, sijui nikuambie nini juu ya kaka yako. Hajanisema hata siku moja. Ila akirudi gereji anasema ameshakula. Nikipika ndizi, ameshakula. Nikipika ugali na dagaa anaowapenda, ameshakula. Juzi nilitoka kuanua nguo nikamkuta nyuma ya nyumba anakula chipsi kwenye mfuko, amesimama, kama mtoto aliyeiba sukari. Tukaangaliana. Akasema, "Njaa imenishika ghafla." Nikarudi ndani nikafunika sufuria.

Usiku analala ukutani kabisa, amenipa mgongo, na mimi nalala ukingoni ili asipate shida ya kunikwepa. Nilimwuliza, Gaudensi, na wewe unaamini? Akasema haamini. Akasema tu twende tumalize, watu wanyamaze. Sasa mtu asiyeamini mbona hali?

Kuna wazo limeniingia na ndilo linalonitisha kuliko mtaalamu. Nikiugua tena nitakuwa msafi. Ugonjwa ukirudi, wote watasema jamani tulimwonea. Mama mkwe atanitumia kuku. Gaudensi atakula chakula changu, atakilia pembeni ya kitanda. Wiki iliyopita mkono ulivimba, huu wa upande wa operesheni. Huwa unavimba nikishona sana, nesi alishanieleza, si kitu. Lakini niliuona umevimba nikajikamata nafurahi. Tulihangaika vile wifi, nilitapika nyongo, ulinibeba mgongoni kunipeleka chooni, ili leo nikae hapa nafurahia uvimbe. Nilijichukia sana.

Na hata kesho ikiisha, kliniki haziishi. Watanipima tena, na tena. Ukoo wenu ni mkubwa, kati ya kliniki moja na nyingine hakosi kufa mtu. Nitakuwa naomba nini nikiingia kwenye ile mashine? Nikiomba nipone, naomba wanihukumu.

Sasa nikuambie ya leo, halafu nikuache.

Mchana nimepiga simu na kwa bahati kapokea Oliva mwenyewe, bibi yake alikuwa uani. Nilisikia sauti yake nikakaa chini kwenye vitambaa. Nikamwambia mama anakuja kesho. Namsikia anapumua. Kisha akasema kwa adabu, vile wewe shangazi yake ulivyomfundisha kuongea na wakubwa, "Mama, naomba usije." Nikamwuliza kwa nini, mwanangu. Akasema, "Kwa sababu ukiumwa tena utanichukua mimi."

Hakulia. Alilisema kama kitu cha darasani ambacho wote wanakijua. Nikamwambia Oliva, mimi ni mama yako. Akasema ndiyo, anajua. Akasema bibi anamwita. Akakata.

Wifi, nitakuambia kitu ambacho sijamwambia Gaudensi. Mpaka leo asubuhi nilikuwa nimeshakubali kuinywa. Nilishajiambia, wacha ninywe, nitapike, nianguke, potelea mbali, nitapiga magoti nimbembeleze mama mkwe, ataona huruma. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno. Lakini nikinywa nikaanguka mbele ya mtoto, ataona kwa macho yake kwamba bibi alisema kweli. Maisha yake yote atakumbuka hivyo, mama yake kalala chini anatapika na watu wamesimama wanaangalia. Hapo hata wakinirudishia, watanirudishia mwili tu.

Kwa hiyo sinywi. Kunyoa wanyoe, wala wasinishike, ningenyoa hata bila kuitwa maana wewe ni msiba wangu kabla hujawa wa mtu mwingine yeyote kwenye kile kikao. Dawa hapana. Wakisema kukataa ndiyo ushahidi, waseme. Baba mkubwa akitaka kupiga kelele, apige. Nimeshasikia daktari akinisomea kwamba nina saratani, sidhani kama ana sauti ya kunitisha kuliko ile.

Naogopa, usidhani siogopi. Sijui nani atakuwa pale mlangoni. Sijui huyo mtaalamu huwa anafanya nini mtu akimkatalia. Gaudensi amekata tiketi mbili za kwenda, na nilipomwuliza za kurudi alitoka nje. Amekaa nje sasa hivi, anang'arisha viatu ambavyo vimeshang'aa.

Nikishuka basi nitapita kwako kwanza, kabla ya nyumbani kwa mama. Sina maua, nitakuja na mikono yangu tu. Nikiweza nitang'oa majani, nikishindwa nitakaa kidogo nipumue.

Basi wifi, lala. Kuonana kwetu sijui lini, kwa majibu haya huenda ikachukua muda, na nisamehe kwamba nafurahi. Ndiyo, nafurahi. Nimelisema kwako kwa kuwa hakuna pengine pa kulisema.

Ahadi yangu ni moja. Siondoki Iringa bila Oliva. Najua atanikimbia. Najua atamshika bibi yake nguo, atalia, watu watasema mnaona, hata mtoto anajua. Nitambeba hivyo hivyo, kwa mkono huu unaovimba, nitapanda naye basi, na kaka yako apande au abaki, shauri yake. Kama ni kuniogopa, mtoto akaniogopee nyumbani kwangu.

Wifi yako,
Tumpe