Mbwa Aliyenyamazishwa

Mbuya, Kampala
14 Juni 2024

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, goti lako limepunguza ukaidi, na Mama hajachoka kukukataza baiskeli. Sisi huku tu wazima. Mdogo wangu Bonny amenenepa, na amenituma niwaambie kwamba hajanenepa. Nimempa shangazi Adyero barua hii aje nayo Kitgum mkononi, maana kwa simu ungenikatiza kabla sijafika ninapokwenda. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha uliyotoka nayo jeshini, ukatulea nayo, ukawaamrishia na mbwa.

Najua hukupenda nilichokuja kusomea. Ulisema binti aliyemaliza shule hawezi kushinda akifuata mkia wa mbwa. Lakini Baba, nakuambia bila haya, kazi hii naiweza. Kati ya wanafunzi tisa, ni mimi ninayeitwa pale mbwa anapogoma kushuka garini. Mwalimu wetu, Madam Makokha, Mkenya wa Bungoma asiyesifu mtu ovyo, anasema nina macho. Ametufundisha kumsoma mbwa kabla hajafanya lolote: anayelamba midomo bila njaa, anayepiga miayo bila usingizi, anayekaza shingo na kukutazama kwa pembe ya jicho. Wenzangu wanaona mbwa amekaa tu. Mimi naona ameshasema mengi.

Mwezi wa nne tuliletewa mbwa anayeitwa Jasiri. Siku ya tatu alimuuma mkono Sumayiya, mama anayewalisha mbwa wetu, bila kubweka wala kunguruma. Sumayiya alituonyesha bandeji yake akasema, "Hii mbwa imehalibika. Haiongei, inakula mutu tu." Ikaamuliwa achomwe sindano ya kufa. Niliomba nipewe wiki sita naye. Madam Makokha alikubali kwa sharti moja: Jasiri akiuma tena atakufa, nami nitarudi nyumbani bila cheti.

Kwanza nilikwenda soko la Kalerwe kumtafuta aliyekuwa akimfuga, mzee mmoja muuza samaki wakavu. Alinipokea vizuri, akanisimulia kwa fahari jinsi alivyomtia mbwa wake adabu. Kila aliponguruma akiwa anakula, alimchapa, mpaka akaacha kabisa. Nilimshukuru, nikatoka, nikaketi juu ya gunia la viazi la mtu nisiyemjua, nikashindwa kuinuka. Sababu nitakuambia, nivumilie kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira, na wewe unajua sina nyingi. Jasiri akila, nilipita umbali wa hatua kumi, nikamrushia kipande cha nyama, nikaenda zangu. Baada ya siku kadhaa, hatua tisa. Nilitaka aelewe kwamba anayekaribia bakuli lake analeta, hachukui. Siku moja nilijitia ushujaa nikarukia hatua tatu, akakaza shingo. Nilirudi mpaka sita, nikaanza upya. Haraka haraka haina baraka, na nusura inigharimu mkono.

Mtihani ulikuwa Ijumaa iliyopita. Mtahini, Bwana Odera, alimkuta Jasiri anakula, akanyoosha mkono kuelekea bakuli. Jasiri akanguruma. Wenzangu walishika vichwa, wakijua nimeanguka. Mimi, Baba, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nilimwomba Bwana Odera arudi nyuma hatua mbili. Aliporudi, Jasiri alinyamaza akaendelea na chakula chake. Bwana Odera akaniuliza kwa nini nashangilia mbwa mkali. Nikamjibu, "Alikuwa amenyang'anywa sauti. Leo ameonya badala ya kuuma." Waliteta kidogo na Madam, kisha wakaandika kwamba nimefaulu.

Sasa sababu ya lile gunia la viazi.

Unamkumbuka Kamanda, mbwa uliyekabidhiwa na ile kampuni ya ulinzi, tulipokaa nyumba za wafanyakazi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kumpelekea posho jioni ilikuwa zamu yangu. Alikuwa akiningurumia nikisogea, nami nilimwogopa. Kwa hiyo nilikwenda na mwiko wa Mama. Kila aliponguruma nilimpiga nao puani. Wewe ulikuwa umetukataza kabisa kumpiga, ndiyo maana nilifanya ukiwa lindoni. Baada ya wiki mbili alinyamaza, nami nilijiona hodari. Mwezi haukuisha, Bonny akatia mkono kwenye bakuli, Kamanda akamuuma bila onyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wakubwa wako walikuuliza kama mbwa alionyesha dalili yoyote. Ulisema hakuwahi kutoa sauti. Hawakukuamini. Waliandika kwamba umedanganya, wakampiga Kamanda risasi, wakakushusha cheo, wakakuweka getini mpaka ulipostaafu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikisikia ukimwambia Mama kwamba katika maisha yako hujawahi kuitwa mwongo. Nilinyamaza siku ile kwa kuogopa kiboko, na miaka yote iliyofuata kwa kuona aibu.

Ulisema kweli, Baba. Kamanda hakutoa sauti kwa sababu mimi niliinyamazisha. Bonny nimeshamwambia. Aliutazama mkono wake, kisha akasema nikwambie wewe mwenyewe.

Tarehe sita Julai napewa cheti hapa Mbuya. Nakuomba uje. Nitamwambia Madam Makokha, mbele ya wote, kwamba niliyeharibu kazi yako ni mimi. Jasiri atakuwepo. Akikungurumia, simama tu, atakuwa anakuheshimu. Na wewe, ukiwa na hasira nami, una haki nayo. Nguruma, Baba. Usininyamazie.

Mpe Mama pole ya shamba, na umwambie mwiko wake ule niliupasua mimi. Msalimie dada Alanyo na watoto wake wote. Namwomba Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Adoch